Mwaka 2006 Hatukuwa na Simu Hizi

Wiki hii mmeuliza: je, picha za mitandaoni zinawafanya wasichana wetu wachukie miili yao? Nimelisoma swali mara mbili, nikaona limeharakisha kuilaumu simu. Mimi ni mwenyeji wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale Mombasa, na huku maneno yalitangulia picha. Mtoto akizaliwa hutazamwa masikio, ijulikane atatoka na rangi gani. Mwembamba huulizwa kama halishwi, mnene huulizwa nani atamuoa. Wasemao ni mashangazi, majirani, na sisi dada zao.

Mdogo wangu aliolewa 2006. Ni maji ya kunde kama mama yetu. Mwezi mmoja kabla, shangazi mmoja alisema mbele ya watu, sahani ya mahamri mkononi, kwamba siku ya kupamba, biharusi huyu akikalishwa atazamwe, yataonekana meno tu. Watu wakacheka. Naye akacheka, kisha akaingia chumbani asitoke hadi magharibi. Kesho yake nikaenda mjini nikamnunulia kikopo cha krimu. Muuzaji alikitoa chini ya meza, kimefungwa gazeti, nami nilijua kwa nini kiko chini ya meza: krimu za kujichubua zenye zebaki na haidrokwinoni zilikuwa zimeshapigwa marufuku Kenya. Nikamwambia ni ya kulainisha tu.

Wiki mbili aling'ara kweli, na shangazi akamsifu. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana weupe huja upesi. Huku inapenya mwilini na kuumiza figo. Kisha akawekwa ndani kungoja harusi, na somo, mwanamke anayemfunda biharusi, akachanganya singo yake ya kumsugua ngozi: liwa, karafuu, marashi ya waridi. Alipoanza tu kumsugua mashavuni, mdogo wangu akapiga ukelele. Liwa ilitoka na ngozi. Somo akaacha, akamwosha kwa maji matupu, kimya kabisa, kisha akauliza, "Nani alokupa, mwanangu?"

Mdogo wangu akanitazama kwenye kioo. "Nilinunua mwenyewe, bibi."

Sikusema kitu. Siku ya kupamba alipakwa poda nene usoni, na mikono yenye hina ikabaki na rangi yake. Picha zile ziko kwangu, sijazitoa tena.

Nilianza kuandika nikitaka kuitetea simu. Siwezi tena, si yote. Binti yake sasa ana miaka 15. Juzi alinionyesha picha yake: programu imemng'arisha, imemchonga pua, imempunguza kiuno. Kile kikopo ningeweza kukitupa. Uso ule anatembea nao, na kila akijitazama kwenye kioo anaukosa.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, picha zinaumiza, lakini msiandike kwamba zimeanza zenyewe. Wala msiichanganye singo na kujichubua. Huyu binti akiolewa nitamsinga kwa mikono yangu, inshallah. Sheria nazo zina kazi yake: Mkataba wa Minamata wa 2013, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, ulipanga vipodozi vya zebaki viondoke ifikapo 2020. Hakuna mkataba wa kumzuia shangazi.

Binti huyo aliniuliza, "Mama mkubwa, nimependeza?" Nikamwambia napenda zaidi ile ya Idi, ambayo hakuigusa, amefanana na mamake. Hakulipenda jibu hilo. Mamake alikuwa jikoni akisonga ugali. Alisikia, mwiko ukasimama kidogo, kisha akaendelea.