Mumeo Si Uwanja wa Mkutano wa Injili

Shangazi, tangu niokoke nina mzigo mkubwa kwa ajili ya roho ya mume wangu. Ni Mkatoliki, huenda misa na jumuiya, lakini hajaokoka. Kila alfajiri namfungulia mahubiri kwenye spika, mashati yake nayapaka mafuta ya upako, na wageni wake nawashuhudia. Hunijibu tu, “Sawa, mama,” kisha hutoka, na siku hizi anarudi usiku. Mama yangu alipolazwa nami nikiwa kwenye mkesha, yeye ndiye aliyempelekea uji hospitalini, ila moyo wake bado mgumu. Wenzangu wa kikundi cha maombi wanasema nihamie kwa dada yangu mpaka atakapompokea Yesu. Nifanyeje?
Mwenye Mzigo, Morogoro

Mwanangu, pole kwa uchungu ulio nao, kwa maana kumtakia mwenzio uzima wa milele ni upendo. Pole yangu iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, ninampelekea mumeo, ambaye hakuniandikia barua.

Habari ya mama yako umeipitisha haraka, nami nikarudi kuisoma. Wewe ulikuwa mkeshani ukiomba moyo wa mumeo ulainike, wakati yeye alikuwa wodini na chupa ya uji wa mama mkwe wake, kazi ambayo wakwe wengi wa kiume huionea haya. Kati yenu wawili, ni nani aliyeshuhudia siku zile? Hukuandika kwamba anarudi amelewa, wala kwamba ana mwanamke, na mke mwenye malalamiko kama yako asingeyaacha hayo kama yangekuwapo. Kwa hiyo naelewa kwamba mtu huyu anaikimbia spika.

Mtume Petro, ambaye mwenyewe alikuwa na mke na mama mkwe, aliwaandikia wanawake wenye waume wasioliamini Neno kwamba waume hao wavutwe kwa mwenendo wa wake zao, pasipo maneno. Katika sura hiyohiyo, ya tatu ya waraka wake wa kwanza, anataka tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, tena kwa upole. Mumeo amekuuliza lini? Tena huyu wako kila Jumapili anakiri Nasadiki, ila wewe umekwisha kumweka kundi moja na wapagani kwa sababu hasali kwa sauti kama yako.

Mwulize mumeo habari za Mtakatifu Monika, ambaye kanisa lake humkumbuka kila tarehe 27 Agosti. Mama huyu wa karne ya nne, mzaliwa wa Tagaste katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliolewa na Patrisio, mpagani mwenye hasira kali na asiye mwaminifu. Mwana wao Augustino ameandika kwamba mama yake hakubishana na mume aliyekasirika, bali alisubiri atulie ndipo amweleze, na Patrisio akampokea Kristo mwishoni mwa maisha yake. Augustino mwenyewe alipopotea, Monika alimsihi askofu mmoja akajadiliane naye. Askofu akakataa, akamwambia amwache kijana na amwombee tu, na mama alipozidi kumng’ang’ania, akachoka na kumwambia aende zake. Augustino alibatizwa Milano mwaka 387. Wahenga walikwisha kusema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nami naogopa kwamba wewe unaitembeza Injili njema kana kwamba ni bidhaa iliyokosa mnunuzi.

Zima spika. Mashati yafue na kuyapiga pasi, mafuta yabaki kwenye chupa. Wageni wa mumeo wape chakula kwanza, na atakayetaka kujua kwa nini una furaha atauliza. Mshukuru mumeo kwa ule uji, kwa sababu sioni popote katika barua yako kwamba uliwahi kumshukuru, kisha umwombe mwende pamoja kwenye jumuiya yake, nawe usiende huko kuhubiri.

Hao wenzako wa maombi, ambao hawatakuwapo watoto watakapomwulizia baba yao, wasome Wakorintho wa Kwanza, sura ya saba: Paulo anamkataza mke aliyeamini kumwacha hata mume asiyeamini, maadamu mume huyo amekubali kukaa naye. Wako anaamini, na amekubali kukaa nawe pamoja na kelele zote hizo. Kwa dada yako nenda kumsalimia, kisha urudi jioni ileile.