Uliza Fundi: Gari yachemsha kwenye foleni ya feri

SWALI: Asalaam aleikum kaka. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Likoni na kazi yangu iko kisiwani. Gari ikikwama kwenye foleni ya feri mshale wa hiti wapanda mpaka karibu na nyekundu, nikishuka ng'ambo barabara ikifunguka washuka wenyewe. Fundi asema hedi gasketi imeungua, ataka kufungua injini. Mwezi uliopita pia aling'oa themostati, ati kwa joto la Mombasa haina kazi. Kila asubuhi naongeza maji ya kisima chetu. Nimpe pesa?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Usimpe bado, tafadhali. Gari inayochemsha ikisimama na kutulia ikitembea, cha kwanza kuangaliwa ni feni, manake ukitembea upepo wapoza redieta wenyewe lakini kwenye foleni hakuna upepo, ni feni tu. Washa injini, washa AC, fungua boneti usikize: kwenye gari nyingi feni huanza kuzunguka hapo hapo. Kama imenyamaza mwambie apime fyuzi, rilei na mota ya feni, kazi ndogo hino, wala injini haiguswi.

Hedi gasketi, ile pakiti iliyo kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku, ina dalili zake na waweza kuziona mwenyewe. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta utando kama chai ya maziwa ujue maji huenda yameingia kwenye oili. Dalili zingine ni moshi mweupe usiokatika hata injini ikishapata moto, au maji yanapungua kila siku na chini hakuna tone. Hili la mwisho kwako lanitia wasiwasi kidogo kwa sababu waongeza kila asubuhi, kwa hivyo laza kadibodi chini ya gari usiku uone kama yadondoka, na mwambie apime presha ya redieta kabla ya kushika spana.

Sasa hayo maji ya kisima. Dada, visima vyetu vingi huku pwani vina chumvi, wewe mwenyewe ukiteka wajua, sabuni haitoi povu. Gari yangu ya kwanza niliitia maji hayo mwaka mzima, nilikuwa sijui, siku redieta ilipofunguliwa nikaona mirija imezibwa na magamba meupe magumu unakwangua kwa kucha hayatoki, na pampu ya maji mabawa yameliwa yamebaki vijino. Niliumia sana, pesa ile ilikuwa ya karo. Tia kulanti, ile dawa ya kupozea injini. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100, kulanti ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi, na kifuniko cha redieta kikiwa kizima kinachoshika presha, yavuka hata 120 bila kuchemka, halafu inazuia kutu. Ya kuchanganyia nunua maji ya betri, yale masafi ya kuongezea, si asidi, soma chupa vizuri. Redieta ioshwe kwanza maji ya chumvi yote yatoke.

Na themostati, ile vali inayofungulia maji yaende kwenye redieta injini ikipata moto, irudishwe. Joto la nje halihusiani, kazi yake ni kuiwezesha injini ifike joto lake la kufanyia kazi na kubaki hapo, ukiitoa injini yachelewa kupata moto na mafuta yaliwa zaidi. Kuing'oa ni kuficha ugonjwa tu.

Mshale ukipanda tena foleni, zima AC, washa hita ya ndani mpaka mwisho (utatoka jasho lakini yatoa joto kwenye injini), na ukigusa nyekundu zima gari kabisa hata wa nyuma wakipiga honi. Usifungue kifuniko cha redieta ikiwa moto, mvuke ule waunguza uso, na usimwage maji baridi juu ya injini, hapo ndo hedi hupinda au kupasuka na ile kazi kubwa uliyokuwa wakwepa yaja kweli.

SWALI: Nimebadilisha oili wiki mbili tu ishakuwa nyeusi, nimeibiwa? Msomaji, Mtwapa.

JIBU: Si lazima ndugu yangu. Oili yaosha masizi ndani ya injini, na kama gari ni ya dizeli yaweza kuwa nyeusi siku hiyo hiyo. Hesabu kilomita, gari nyingi za huku watu hubadilisha kila 5,000 pamoja na filta, na kila wiki vuta kijiti cha kupimia oili asubuhi kabla ya kuwasha, gari ikiwa mahali tambarare. Kikionyesha oili haifiki alama ya chini, ongeza siku hiyo hiyo.