Mitungi unayo, lakini mlango una kufuli

Muulize Mzee wa Zimamoto

SWALI: Shikamoo mzee. Nina gesti ya ghorofa moja hapa Mwanza, karibu na stendi. Wiki iliyopita walikuja maofisa wa Zimamoto kukagua. Nilijua nitapita tu, maana mitungi ya kuzimia moto ninayo, kila korido ina wake. Lo! Wameniandikia kasoro lukuki: nondo za madirishani, kufuli la mlango wa nyuma, gesi ya jikoni, hata makochi niliyoyaweka kwenye ngazi. Wamenipa muda nirekebishe, watarudi. Nondo nikizitoa wezi watanimaliza. Huu si ukorofi? Na ada yao, naweza kumalizana nao mkononi?
Mama Gesti, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na la mwisho kwa kuwa ni jepesi: usimpe mtu hela mkononi. Ada ya Serikali unalipa kwa namba ya malipo, benki au kwa simu, na stakabadhi unaitunza. Ukaguzi wenyewe uko kisheria, chini ya Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, kwa hiyo usimfungie mtu mlango. Mwombe kitambulisho, mkaribishe. Ila akikwambia mitungi ununue kwa fulani tu, hapo una haki ya kukunja uso.

Haya, kasoro zako. Nimekagua majengo hadi nikastaafu, na ugonjwa wa gesti zetu ni uleule: mwenye nyumba akisikia Zimamoto, anawaza mtungi. Mtungi ni wa moto mchanga, ule wa sufuria au wa ndoo ya taka. Ule wa unga wa kuzimia moto, wa kilo 6, ukiubonyeza mfululizo haufikishi hata nusu dakika. Baada ya hapo kinachookoa watu ni mlango. Na wengi hawafi kwa kuungua. Moshi ndio unaowamaliza, tena usingizini.

Mimi nikiingia gesti sikuwa naanza na mitungi. Namwambia mlinzi: zima taa za korido, unifungulie mlango wa nyuma. Hapo ndipo utaona sinema. Anatoa bunda la funguo, anapapasa: huu sio, huu wa stoo, huu wa kufuli la zamani, huu nao unaingia ila haugeuki. Mimi nimesimama nyuma yake kimya. Mara meneja anakuja kunieleza kwamba ufunguo wenyewe huwa anakaa nao yeye, na yeye analala mtaa wa pili.

Machi 2001, wanafunzi 67 walikufa bwenini katika Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos, kwa majirani zetu Kenya. Moto uliwashwa makusudi, kwa petroli. Lakini bweni lilikuwa na milango miwili, mmoja umefungwa kwa kufuli, na madirisha yana nondo. Mkaguzi wako anapoandika nondo na kufuli kwenye karatasi moja, ndicho anachokiona.

Wezi nao ni wa kweli, sikatai, na sikwambii ung'oe nondo zote. Mwite fundi wa kuchomelea, kila chumba dirisha moja akate fremu ya nondo aitie bawaba ifunguke kwa nje, komeo liwe ndani, pembeni, mkono wa mtu aliye nje usifike. Lisihitaji ufunguo. Kabla hujamlipa, zima taa ujaribu kulifungua mwenyewe gizani.

Mlango wa nyuma vilevile: komeo, si kufuli. Ukiogopa mgeni kutoroka bila kulipa (najua hilo linawasumbua wenye gesti kuliko hao wezi), funga king'ora kinacholia mlango ukifunguliwa.

Makochi yatoe leo, usingoje ukaguzi wa pili. Sponji ikiwaka moshi wake ni sumu, na utapanda kwa ngazi hiyohiyo ambayo wageni wa juu wanaitegemea kushukia. Mtungi wa gesi nao utoke nje, kwenye kibanda cha wavu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni, kwa hiyo kale kadirisha ka juu jikoni hakakusaidii kitu.

SWALI: Mzee, ofisini kwetu mtungi umetundikwa nyuma ya mlango, mshale uko kwenye kijani. Bosi anasema haujawahi kutumika, kwa hiyo ni mpya. Kweli?
Karani, Dodoma

JIBU: Mshale unakwambia presha tu. Unga ukikaa sana unaweza kushikana chini, ukabonyeza ukatoka upepo mtupu. Soma stika ya fundi: huduma ikipitisha mwaka, aitwe. Tazama na pini, kama lakiri yake haijakatwa. Ile ya gesi ya kaboni haina mshale kabisa, inapimwa kwa mizani. Na hapo nyuma ya mlango muuhamishe, maana mlango ukiwa wazi hakuna anayeuona. Siku moto ukiwaka pigeni 114 kwanza, bosi mtamwambia baadaye.