Rova inazima ikianza kupanda mwamba: tatizo si betri

SWALI: Shikamoo mhandisi. Sisi ni wanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Mwanza, tunaunda rova (gari la roboti la ardhi mbovu) ya kushindana kwenye University Rover Challenge, mashindano ya wanafunzi kwenye jangwa la Utah, Marekani. Ina kilo 42 na magurudumu sita ya kipenyo cha sentimita 25 kwenye mfumo wa roka-bogi (mikono yenye viungo inayoruhusu kila gurudumu kupanda na kushuka). Kila gurudumu lina mota yake ya brashi ya volti 24 yenye giaboksi: bila mzigo inazunguka mara 120 kwa dakika, ikikwama inatoa nguvu ya kuzungusha ya Nm 10 (nyutoni-mita) na kula ampea 20. Betri ni lipo (lithiamu-polima) ya seli sita, 10 Ah (ampea-saa). Nyaya kuu ni za milimita za mraba 1.5, kutoka betri hadi kwenye draiva za mota (saketi zinazoziendesha) ni kama mita 1.2. Kompyuta inataka volti 19, tunaipatia kupitia kishusha volti. Karakanani kila kitu kinakwenda. Tukiipeleka kwenye mawe ya Luchelele, ikianza kupanda tu kompyuta inazima na kuwaka upya, na mota mbili za kati zimeshaungua. Tumenunua betri ya 16 Ah, hali ni ileile. Halafu, redio yetu ya 900 MHz tunaweza kuijaribia huku?

JIBU: Marahaba. Hiyo betri ya pili mngeiacha dukani. Kompyuta kuzima na mota kuungua vina mzizi mmoja: giaboksi zenu zina mwendo mwingi na nguvu kidogo, kwa hiyo mota zinavuta ampea nyingi mno kupitia nyaya nyembamba.

Tuanze na mlima. Kilo 42 ni uzito wa nyutoni 412. Kwenye mteremko wa nyuzi 30 wa udongo mgumu wenye changarawe, nusu ya uzito huo, yaani nyutoni 206, inawavuta kurudi chini. Ongezeni ukinzani wa gurudumu kubingirika, kama nyutoni 54 kwa ardhi ya aina hiyo, mnapata 260. Zidisheni kwa nusu kipenyo cha gurudumu, mita 0.125, kisha gawanyeni kwa sita: kila mota inatakiwa itoe Nm 5.4 mfululizo. Mota yenu mwisho wake ni Nm 10, hivyo mnaitumikisha kwa zaidi ya nusu ya uwezo wake wa kukwama. Mota ya brashi haipendi kukaa hapo. Kwa kazi ya mfululizo, robo hadi theluthi ndiyo salama.

Ampea hufuata nguvu: 5.4 kwa 10 ni asilimia 54 ya ampea 20, karibu 11 kwa kila mota, jumla 65. Sasa angalieni njia ambayo ampea hizo 65 zinapita. Betri ya seli sita huwa na ukinzani wa ndani wa takriban milioomu 3 kwa seli, jumla 18. Waya wa 1.5 una milioomu 11.5 kwa kila mita, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 1.2 zenu ni mita 2.4: milioomu 28. Swichi ya dharura, kishikio cha fyuzi na viunganishi, tuseme 15 kama vimebanwa vizuri. Jumla ni milioomu 61, na kwa ampea 65 mnapoteza volti 4 njiani. Betri ina 22.2, kwenye draiva inafika 18.2. Kama kishusha volti mmekiunga hapohapo kwenye draiva, nacho kinapata 18.2, ilhali kinatakiwa kutoa 19. Kishusha hushusha tu, hakijui kupandisha. Kompyuta lazima ife.

Karakanani rova iko juu ya stuli, magurudumu yanaelea, kila mota inakula kama ampea moja. Upotevu ni chini ya nusu volti na hakuna anayeuona. Na betri kubwa imegusa zile milioomu 18 tu, tena kwa kiasi kidogo. Nyaya zimebaki vilevile, na ndizo zinazokula zaidi.

Kwa nini ziungue za kati? Roka-bogi ikipanda mwamba, magurudumu ya mbele yakishafika juu yanavuta, ya nyuma yanasukuma, na la kati linabanwa kwenye uso wa jiwe. Anayeendesha anatazama kamera ya mlingoti, anaona mbele kumepanda, anaendelea kusukuma joistiki. La kati halizunguki, na yeye halioni. Hapo mota inapokea kama wati 440 na zote zinageuka joto. Tukichukulia shaba ya ndani ina gramu 150, kila sekunde inapanda nyuzi joto 7 hadi 8. Ikianzia 30, inafika 155, ambapo varnishi ya waya wa kawaida wa daraja F inaanza kuharibika, baada ya sekunde 16 hivi. Ukiigusa kwa nje bado ni ya vuguvugu, kwa sababu katika mota ya brashi waya uko kwenye kiini kinachozunguka.

Mawe ya Mwanza yanazidisha ubaya huo. Kwenye mchanga gurudumu lililoelemewa linateleza na mota inapona. Graniti yetu ni kavu na ina makwaruzo, mpira unaing'ang'ania. Gurudumu linalobeba mzigo maradufu, yaani nyutoni 137, kwa kizigeu cha msuguano cha 0.8, litateleza tu likipewa Nm 13.7. Yenu ina 10. Inakwama kabla ya kuteleza, na huo ndio mpangilio mbaya kuliko yote. Kanuni ya kuchagua mota za rova ni kwamba gurudumu liteleze kwanza, mota isikwame.

Kwa hiyo badilisheni giaboksi, mota zibaki. Tafuteni ya mizunguko 60 kwa dakika: nguvu inakaribia Nm 20 (itapungua kidogo kwa msuguano wa meno ya ziada). Mlima uleule sasa unataka ampea 5.4 kwa mota, 32 kwa rova nzima. Kasi bila mzigo itakuwa mita 0.79 kwa sekunde, na mlimani kama 0.57. Msiogope mkiona ni ndogo. Perseverance, rova ya NASA iliyoko Mirihi, mwisho wake ni sentimita 4.2 kwa sekunde, ingawa yenyewe haina jaji mwenye saa. Kabla ya kulipa, mwulizeni muuzaji giaboksi inaruhusu Nm ngapi kwenye shafti ya kutokea. Zipo za bei rahisi zinazoishia 8 au 10. Hizo zitavunja meno badala ya kuunguza waya, na mtakuwa mmehamisha msiba tu. Tafuteni ya 15 kwenda juu. Kupunguza kipenyo cha gurudumu nako kungeongeza nguvu ya kusukuma, ila mtapoteza urefu wa jiwe mnaloweza kupanda. Sishauri.

Kwenye draiva wekeni kikomo cha ampea, hata kabla giaboksi mpya hazijafika: 14 kwa sekunde tatu, kisha ishuke hadi 7. Joto hufuata mraba wa ampea, kwa hiyo kwenye 7 ni kama sehemu moja ya nane ya lile la 20. Kama draiva zenu hazina kipimo cha ampea, zibadilisheni, hili si jambo la kubahatisha. Ongezeni pia kwenye programu kwamba nguvu ipande taratibu ndani ya sekunde 0.4, isiruke ghafla kila joistiki inaposukumwa.

Nyaya: wekeni za 6. Za dukani za kufungia nyumba msizichukue, zile ngumu za uzi mmoja au nyuzi saba nene, kwa sababu mtikisiko unazikata karibu na teminali na mtatafuta hitilafu usiku kucha. Chukueni laini za nyuzi nyingi nyembamba. Teminali zibanwe kwa koleo lake. Kulehemu kwa risasi pekee kunaufanya waya uwe mgumu mwishoni na unavunjikia hapo. Viunganishi vya betri viwe XT90. Waya mpya unashusha zile milioomu 28 hadi 7, na kwa ampea 32 upotevu wote unakuwa volti 1.3.

Hata hivyo betri ikikaribia kwisha, volti 3.5 kwa seli, mna 21 tu, mkitoa 1.3 mnabaki na 19.7. Kwa kishusha volti hiyo ni kamba nyembamba mno. Nunueni kibadilishi kinachoshusha na kupandisha, na waya wake wote wawili, chanya na hasi, uanzie kwenye teminali za betri zenyewe. Wengi hukumbuka chanya, hasi wakaichukua popote penye chuma cha fremu. Volti zinazopotea kwenye hasi ya mota zinaingia kwenye kompyuta na kwenye nyaya za mawasiliano, ndipo mnapoona vihisi vinasoma upuuzi kila rova inapokaza.

Msiamini hesabu zangu bila kupima. Azimeni mizani ya kuning'iniza ya kilo 50, ile wanayopimia samaki Kirumba mwaloni. Fungeni rova kwa nyuma kwenye mti, mizani ikiwa katikati ya kamba, kwenye ardhi tambarare ngumu, kisha muiendeshe mbele polepole. Mnataka mizani isome kilo 24 au zaidi. Hapo mlima wa nyuzi 30 mnauweza. Magurudumu yakizunguka bure kwenye 18, tatizo ni meno ya gurudumu, si mota. Yakisimama huku draiva inaonyesha ampea zimefika kikomo, ni giaboksi. Wakati huohuo multimita ziwe sehemu tatu: teminali za betri, mdomo wa draiva, mdomo wa kibadilishi. Na kati ya hasi ya betri na hasi ya draiva isizidi volti 0.3. Ikizidi, fuateni kiunganishi kimoja kimoja kwa kidole, kinachounguza ndicho.

Mkijaribu ufukweni, ondokeni pale maji yanapolowesha. Mchanga mbichi hushikamana na kuwa mgumu, utawadanganya. Pandeni juu kwenye mkavu, ndio unaofanana zaidi na ukavu wa jangwa la Utah. Ila huko msitafute nyuzi 30, mchanga mkavu ukifika karibu na hapo unaporomoka wenyewe.

Redio ya 900 MHz msiiwashe Mwanza. Bendi inayotumika Marekani ni 902 hadi 928, na hapa kwetu 890 hadi 915 ni njia ya simu za watu kwenda kwenye mnara. Mtavuruga mtandao, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana haki ya kuwauliza. Jaribuni kwa 2.4 GHz, nayo inakubalika kwenye kanuni za mashindano. Kwa umbali wa kilomita moja, mstari kati ya antena mbili uachiwe nafasi ya kama mita 5.6 katikati bila jiwe wala kichaka. Kupima kupitia juu ya ziwa hakusaidii, maji yanaakisi mawimbi na matokeo hayatafanana na nchi kavu.

Hamkuuliza, lakini betri ya 16 Ah ina Wh 355 (wati-saa, yaani volti mara ampea-saa), na ile ya 10 ina 222. Kwenye ndege ya abiria, betri ya lithiamu inayozidi Wh 160 hairuhusiwi kwenye mizigo yenu, iwe ya mkononi au ya chini. Kati ya 100 na 160 ni kwa idhini ya shirika la ndege. Seli sita zenye 4.4 Ah ni Wh 98. Mbili zikiungwa sambamba zinatoa 8.8 Ah, na kwa mzigo wa ampea 32 huo ni muda wa kama robo saa ya kupanda mfululizo, jambo ambalo hakuna kazi ya mashindano inayolidai. Hakikisheni tu kila moja inaweza kutoa ampea 40 peke yake, kwa sababu kiunganishi cha mwenzake kikilegea ndiyo itakayobeba rova yote.