Pango dogo chini ya kiwanja: je, mtetemo unalionyesha?

Ndugu, umeuliza kama nyundo ya kugongea ardhi na jiofoni (vihisi vinavyopokea mtetemo wake) zinaweza kuonyesha pango la upana wa mita 2 chini ya kiwanja chako cha mwamba wa matumbawe, kabla hujaanza msingi. Zinaweza, ila mbinu ndiyo inayoamua.

Tazama urefu wa wimbi kwanza. Tuseme wimbi la mgandamizo linakimbia mita 2,000 kwa sekunde kwenye mwamba wako. Kwa masafa ya hezi 100, wimbi lina urefu wa mita 20. Kipimo tunachotumia kwa kitu kidogo kabisa kinachoweza kuonekana ni robo ya urefu huo, yaani mita 5. Pango lako limeshapotea hapo.

Kusoma wimbi lililopinda na kufika kwanza, njia ambayo wengi huikimbilia, mimi nisingeilipia kwa kazi hii. Wimbi hilo hulizunguka shimo kupitia mwamba mgumu na kufika karibu muda uleule, kana kwamba chini hakuna kitu.

Waombe wapimaji watumie mawimbi ya uso, yaani yale yanayosafiri karibu na uso wa ardhi. Huenda polepole zaidi, kwa hiyo ni mafupi, na yakigonga ukingo wa pango sehemu yake hurudi nyuma. Mrudio huo ndio wa kuusaka kwenye rekodi. Jiofoni zipangwe kila mita 1, si kila mita 5, na ujue kwamba pango likiwa chini ya uso wa ardhi kwa kina kikubwa kuliko upana wake, alama hufifia haraka.

Panapotiliwa shaka, tafadhali toboa kabla ya kumwaga zege.