Maswali ya Wasomaji: Mkutubi wa Kampuni na Ofisi Zilizotawanyika

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkutubi katika kampuni ya uhandisi. Kwa miaka mingi nilihudumia ofisi moja, ambamo niliwajua watu kwa majina na kwa kazi zao. Kampuni yetu sasa imeungana na nyingine, na ninatakiwa kuwahudumia wahandisi na wanasheria waliotawanyika katika nchi kadhaa, ambao wengi wao sijapata kuonana nao. Maombi huingia usiku nikiwa nimelala, mengine hayaeleweki, na hivi karibuni ofisi moja ya ng'ambo imelalamika kwamba haiwezi kufungua kanzidata ambayo kampuni inailipia. Meneja wangu anaamini kuwa dawa ni kununua programu mpya. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, programu inaweza kusubiri. Anza na mikataba, yaani leseni zote za kanzidata na majarida ambazo kampuni zote mbili zilikuwa nazo kabla ya kuungana, kwa sababu lalamiko la ofisi hiyo ya ng'ambo huenda halihusiani kabisa na mitambo. Wachapishaji wengi humtambua mteja kwa anwani za intaneti za ofisi yake, na leseni iliyoandikwa kwa ajili ya ofisi moja haipanuki yenyewe kwa kuwa kampuni imepanuka. Soma vifungu vinavyoeleza nani anaruhusiwa kutumia huduma: je, kampuni tanzu zimo? Mafundi wa mkataba wa muda wamo? Na mfanyakazi aliye safarini katika nchi nyingine? Mara nyingi kipo pia kifungu kinachoeleza hatima ya leseni mteja anapoungana na kampuni nyingine, na kwa bahati mbaya hicho ndicho watu hukisoma wakiwa wamekwisha kuchelewa. Wakati ukiendelea kusoma, usikubali kumwazima mwenzako nywila ili mambo yaende. Msaada huo mdogo unaweza kugeuka ushahidi kwamba kampuni imevunja mkataba.

Ukishaziweka leseni za pande zote mbili kwenye jedwali moja, kuna uwezekano mkubwa wa kukuta huduma zinazolipiwa mara mbili. Mpelekee meneja orodha hiyo mapema, kwani itakupa sikio lake kuliko hotuba yoyote kuhusu umuhimu wa maktaba. Hata hivyo, usikimbilie leseni ya dunia nzima. Wauzaji huipendekeza kwa moyo mkunjufu, na bei yake aghalabu hutegemea idadi ya wafanyakazi wote, ilhali huenda wanaoitumia kanzidata hiyo ni wahandisi wachache wa tawi moja. Omba kwanza takwimu za matumizi za kila ofisi, halafu omba tarehe za kumalizika kwa mikataba zisawazishwe ziwe moja, ndipo ukae mezani kujadili bei.

Hakimiliki nayo haivuki mipaka ikiwa na sura ileile. Mwaka 1994 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua, katika kesi kati ya American Geophysical Union na Texaco, kwamba kunakili makala za kisayansi ili mtafiti wa kampuni aziweke kwenye faili zake hakukuwa matumizi ya haki, yaani kunakili kunakoruhusiwa kisheria bila kibali. Makala zilizochunguzwa zilikuwa 8 tu, zote za jarida moja. Nchini Uingereza, tangu tarehe 31 Oktoba 2003, ruhusa ya kisheria ya kunakili kwa ajili ya utafiti bila kibali haihusu tena utafiti wa kibiashara. Kwa hiyo kumtumia mwenzako wa tawi jingine faili la makala, jambo linaloonekana kuwa adabu ya kawaida ya kazi, linahitaji kibali kinachotaja matawi yote mawili. Mpaka wanasheria wenu watakapolithibitisha hilo, tuma kiungo na umwache kila mtu afungue makala kwa haki ya ofisi yake. Kumbuka pia kwamba kumbukumbu za nani alitafuta nini ni taarifa binafsi chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Mei 2018, hivyo usizihifadhi kwa mazoea tu.

Sasa tuje kwenye maombi yasiyoeleweka, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha ugumu wako. Mhandisi aliyekuwa akija mezani kwako na kusema anataka taarifa zote kuhusu pampu, ulimuuliza maswali mawili matatu na baada ya muda mfupi mkajua kwamba anachotaka ni sababu za kuchakaa mapema kwa pampu za maji yenye chumvi. Ombi lilelile likifika kwa barua pepe kutoka ofisi ambayo wewe ukiamka wao wanafunga, kila swali unalouliza linagharimu siku nzima. Tengeneza fomu fupi inayouliza mambo ambayo ungeyauliza ana kwa ana: ni uamuzi gani utakaofanywa kwa kutumia taarifa hizi, zinahusu nchi gani, mwombaji amekwisha kusoma nini, anasoma lugha zipi, na anazihitaji lini. Swali la uamuzi ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, kwa kuwa ndilo linaloonyesha ni wakati gani wa kuacha kutafuta.

Hilo la “lini” lisichukuliwe kirahisi. Tarehe iliyoandikwa 03/04 ni Machi 4 kwa Mmarekani na Aprili 3 kwa Mwingereza. Andika mwaka, mwezi na siku kwa mpangilio huo, mathalani 2026-04-03, na utaje saa pamoja na majira yake, yaani ni saa za nchi gani. Marekani na nchi za Ulaya husogeza saa zao mbele katika wiki tofauti za mwezi Machi, kwa hiyo kikao kilichozoeleka huhama kwa muda bila mtu yeyote kukihamisha.

Tofauti za desturi pia zipo, ingawa zimeandikiwa mengi yasiyo na msaada. Linalokuhusu ni kwamba baadhi ya watu hawatakwambia kamwe kuwa ulichowatumia hakikuwafaa. Watashukuru kwa heshima, kisha hawataomba tena. Usiwaulize kama wameridhika. Waulize ni ipi kati ya nyaraka ulizotuma waliyoitumia, na ukimya wao utakueleza ya kutosha.

Kuhusu lugha, pale penye mfumo wa uainishaji wa kimataifa utumie badala ya kuhangaika na maneno. Katika hataza (patent), yaani hati za kulinda uvumbuzi, kwa mfano, kundi F04D la Uainishaji wa Kimataifa wa Hataza, mfumo unaosimama juu ya Mkataba wa Strasbourg wa mwaka 1971, litakuletea pampu zinazosukuma maji kwa nguvu ya mzunguko ziwe zimeelezwa kwa Kijapani, Kichina au Kijerumani. Tafsiri ya mashine inatosha kukuonyesha kama hati inahusika. Mwanasheria asiitegemee kutoa ushauri.

SWALI: Kampuni tuliyoungana nayo ina mkutubi wake. Je, tugawane kazi vipi bila kugombana?

JIBU: Gawaneni kwa mada, si kwa nchi. Mkigawana kwa nchi, kila mmoja atalazimika kujua kila kitu nusu nusu, na watumiaji watamchagua yule wanayempenda. Mmoja achukue hataza na viwango, mwingine masoko na sheria, na maombi yote yaingie kwenye sanduku moja la barua pepe ambalo nyote mnaliona. Anayefunga ofisi aandike ombi limefikia wapi, wapi amekwisha kutafuta na wapi bado, ili mwenzake aliye katika majira mengine aendelee badala ya kuanza upya. Hapo ndipo zile barua za usiku zitakapoacha kukusumbua. Mkiishi na utaratibu huo kwa miezi kadhaa mtajua programu inayotakiwa ifanye nini, na meneja wako atakuwa na kitu cha kumwonyesha muuzaji.