Jirani hakuwa na redio

Wadogo zangu mlioripoti kitengo cha TB mwezi huu, karibuni Moshi. Juzi nimefungua kadi za wagonjwa wetu wa TB sugu nikakuta mistari 12 yenye kalamu moja na maneno yale yale: "Hana malalamiko." Nikajua hakuna aliyeulizwa. Nimelijua hilo haraka kwa sababu na mimi niliwahi kuandika hivyo.

1. Saikloserini, mojawapo ya dawa za TB sugu, si dawa mpya, ipo tangu miaka ya 1950. Siku hizi wengi wanapata rejimeni (mpango wa dawa kadhaa kwa pamoja) ya miezi 6 yenye bedakwilini, dawa mpya zaidi ya TB, kwa hiyo mnaweza kukaa muda mrefu bila kuishika, mkaisahau. Yule ambaye rejimeni fupi haimfai ndiye atakayekuja nayo. Inapenya mpaka kwenye ubongo. Kwa mwenye TB ya ubongo hiyo ni heri, lakini hapo hapo ndipo inapoleta vurugu.

2. Vitamini B6 iende nayo kila siku. Ikiisha stoo, piga simu siku hiyo hiyo.

3. Kreatinini, kile kipimo cha damu cha kuangalia figo, msiahirishe. Hapa nitakaa kidogo.

Wakati ule matibabu yalikuwa miezi 20, na miezi ya mwanzo ilikuwa na sindano za kanamaisini. Nilikuwa na baba mmoja, fundi cherehani, aliyeruhusiwa kutoka wodini akawa anamezea dawa kwangu kila asubuhi. Mtu msafi, mpole, anafika kabla sijafungua dirisha. Damu yake ya kupima figo ilitakiwa itolewe wiki ile. Foleni ilikuwa ndefu, nikamwambia tutafanya wiki ijayo. Wiki ijayo nikamwambia vile vile. Mnajua sindano zile zilivyokuwa zikiumiza figo, na saikloserini inatoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikilegea, dawa inajaa kwenye damu kila siku unapompa dozi nyingine. Nilikuwa nikiongeza kwa mkono wangu.

Asubuhi moja alivimimina vidonge vyake vitatu kiganjani, akavihesabu, akavihesabu tena, akageuka kutazama mlango. Akaniambia, "Sista, jirani yangu hazimi redio usiku. Silali." Nikamjibu, "Mwambie apunguze sauti, baba." Akameza. Nikaandika: Hana malalamiko.

Siku ya nne mke wake alikuja peke yake, kanga imefungwa upande mmoja, hajavaa viatu. Mumewe alikuwa amepigilia misumari madirisha yote kwa ndani, anasema watu wa kwenye redio wanakuja kumchukua. Ndugu walishapanga kumpeleka kwa mganga. Nikamuuliza kuhusu jirani. Mama akanishangaa: "Jirani gani? Nyumba ile haina mtu tangu Pasaka. Redio itoke wapi?"

Daktari aliisimamisha saikloserini siku ile ile, akampa dawa ya kutuliza akili, akaagiza kreatinini. Majibu yalirudi yamepanda vibaya. Ndani ya wiki mbili redio ilinyamaza, na miezi 20 aliimaliza kwa dawa nyingine. Siku moja aliniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, siku ile niliyokwambia silali, uliandika nini?" Nikamwonyesha kadi. Aliisoma polepole, akanirudishia, akanywa maji yake. Hakusema neno. Sijawahi kuusahau ule ukimya.

4. Msiulize "una tatizo lolote?" Kila mtu atasema hana, hasa wanaume wetu wa hapa. Uliza: Umelala saa ngapi? Umeamka mara ngapi? Umesikia mtu akikuita ukaangalia hayupo? Umewahi kuona bora usiamke? Hilo la mwisho msilionee haya, ulizeni mkimtazama usoni. Halafu ulizeni mke, mama au yeyote anayelala nyumba moja naye, kando.

5. Pombe na dawa hii huleta degedege. Lakini ukimuuliza mzee wa Kibosho kama anakunywa pombe, atakwambia kwa moyo safi kwamba aliacha zamani, na jana yake alikuwa na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi. Kwake mbege ni kinywaji cha nyumbani. Taja mbege kwa jina. Na Desemba, watu wakipanda kwenda migombani, kwao mlimani, kwa sikukuu, nendeni na mgonjwa hatua kwa hatua: nani anachinja, nani anapika mbege, yeye atashika glasi ya nini mbele ya wajomba. Mpangieni jibu kabla hajapanda gari.

6. Vidonge visitolewe kwenye pakiti mapema. Unyevu unaviharibu.

Nawapenda, na najua foleni ilivyo. Kesho saa mbili asubuhi njooni na zile kadi 12. Tutawapigia simu mmoja mmoja, na swali la kwanza ni usingizi.